Kaisho: mpaka uliwakuta watu hapa

Mtu wa Kaisho akiulizwa kwao ni wapi, jibu lake hutegemea anayeuliza. Kwa mtu wa Bukoba atasema Karagwe, kwa sababu kwa miaka mingi Kaisho ilikuwa ndani ya Wilaya ya Karagwe. Kwa mtu wa Kayanga atasema Kyerwa, wilaya mpya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kwa mtu wa Kikagati, ng'ambo ya mto, atasema Tanzania. Lakini akiulizwa na ofisa wa serikali anayetaka kujua babu yake alizaliwa wapi, nani anamjua, na shamba lao walilipataje, jibu la neno moja halitoshi. Hapo inatakiwa historia, na historia ya Kaisho haijakusanywa katika kitabu kimoja ambacho mtu anaweza kukifungua na kuonyesha ukurasa.

Ndiyo maana tumeamua kuandika makala haya. Tunajua wasikilizaji wetu wengi wanasoma kwenye simu, huenda wakiwa shambani au wakisubiri gari stendi, basi tutakwenda taratibu, na palipo na sheria tutaieleza kwa lugha ya kawaida.

Kwanza mahali penyewe. Kaisho ni kata katika Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, na tarafa yake inaitwa Kaisho/Murongo. Makao makuu ya wilaya yako Rubwera. Ukitoka upande wa Karagwe unapita Nkwenda, unafika Kaisho, na ukiendelea mbele barabara inateremka hadi Murongo, penye Mto Kagera na daraja la kuingilia Uganda. Jirani ya Kaisho ni Isingiro, ambayo wengi wanaifahamu kwa ajili ya hospitali yake. Ni nchi ya vilima virefu vyenye migongo ya nyasi, na mabonde yenye migomba. Mvua hunyesha misimu miwili, kuanzia Septemba hadi Desemba na tena Machi hadi Mei, na kati ya misimu hiyo vumbi jekundu linashika kila kitu.

Anayeijua nchi ya Kagera huisoma ardhi yake kwa maneno mawili. Kibanja ni shamba la nyumbani: migomba, kahawa chini yake, maharage katikati, na nyumba ndani ya kivuli. Rweya ni uwanda wa nyasi nje ya vibanja, mahali pa kuchungia na kukata nyasi za kuezekea na kutandaza shambani. Kibanja hakikuumbwa na Mungu kikiwa hivyo. Udongo wa vilima hivi mwingi hauna rutuba ya kutosha kulisha migomba miaka mia. Kilichoulisha ni samadi ya ng'ombe na nyasi zilizobebwa kichwani kutoka rweya, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo ukiona kibanja kikongwe, chenye udongo mweusi na migomba minene, unaona kazi ya watu waliokaa pale muda mrefu. Kwetu sisi hiyo ni hati ya kwanza ya historia, ingawa hakuna mahakama inayoisoma.

Tulinganishe kidogo na Uingereza, ambako historia ya kijiji ni jambo la kawaida kabisa. Mwishoni mwa mwaka 1085 mfalme William aliagiza nchi yake ihesabiwe: kijiji gani kina nani, majembe mangapi ya kukokotwa na ng'ombe, vinu vingapi. Daftari hilo lipo mpaka leo. Mwaka 1538 serikali ya mfalme Henry wa nane iliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Na tangu 1899 kuna mradi wa wanahistoria wa kuandika habari za nchi hiyo parokia kwa parokia, na kazi bado inaendelea. Matokeo yake ni kwamba mtu wa kijiji cha watu mia tatu tu anaweza kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka akamkuta babu wa babu wa babu yake, ameandikwa kwa wino.

Kaisho hapakuwa na mtu wa kuandika parokia mwaka 1538. Lakini kulikuwa na nchi yenye utawala wake.

Nchi hiyo ni Karagwe. Simulizi za wazee zinasema mtawala wa zamani aliitwa Nono, wa ukoo wa Basita, na kwamba Ruhinda akaja kutoka upande wa kaskazini, akamnyang'anya utawala na kuanzisha nasaba ya Bahinda. Ruhinda huyo huyo anatajwa kuwa mzee wa watawala wa Nkore, ambayo leo tunaiita Ankole nchini Uganda, na wa baadhi ya tawala za Uhaya na Uzinza. Msikilizaji alishike hilo, kwa sababu linaeleza mambo mengi yatakayofuata. Kabla ya kuwepo Tanzania na Uganda, watu wa pande zote mbili za Kagera walikuwa wakisimuliana hadithi moja ya wafalme wao, na lugha zao, Kinyambo na Kinyankole, zinasikilizana bila mkalimani.

Angalia pia majina ya mahali. Kyerwa kuna kata ya Isingiro. Ng'ambo ya mto kuna wilaya nzima inayoitwa Isingiro. Kyerwa kuna Ibanda, na Uganda kuna Ibanda. Kuna Kibingo huku na Kibingo kule. Majina hayaruki mto yenyewe. Yalibebwa na watu waliokuwa wakihama na ng'ombe, wakioa, wakikimbia njaa au hasira ya mtawala, na kwao mto ulikuwa kizuizi cha maji tu.

Makao ya wafalme wa Karagwe yalikuwa Bweranyange, kusini ya Kaisho, ndani ya Wilaya ya Karagwe ya leo. Katikati ya karne ya 19 mfalme alikuwa Rumanyika, na biashara ya pembe za ndovu, nguo na shanga ilikuwa imewaleta Waarabu na Waswahili kutoka Tabora hadi Kafuro, karibu na ikulu. Novemba 1861 wakafika Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni, akabaki kwa Rumanyika hadi Aprili akiuguzwa. Vitabu walivyoandika vinamsifu sana mfalme huyo kwa ukarimu na akili. Pia vinaonyesha jinsi mgeni anavyoona nchi ya wenzake: ziwa dogo lililokuwa karibu na ikulu wakalipa jina la Windermere ndogo, kwa sababu liliwakumbusha ziwa la kwao kaskazini ya Uingereza, na Speke hakuona aibu kumpima kwa kamba mke mmoja wa jamaa ya mfalme, mkono, kifua na paja, akaandika inchi zake kitabuni.

Mwaka 1876 alikuja Henry Morton Stanley. Yeye alifika karibu zaidi na Kaisho, maana alikwenda kuziona chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo ziko Kyerwa. Aliwakuta wagonjwa wamekuja kuoga kwa matumaini ya kupona. Mto Kagera akauita Nile ya Alexandra, jina ambalo halikushika, na sisi hatusikitiki.

Tumewataja wageni hawa kwa sababu moja tu. Maandishi yao ni miongoni mwa machache ya karne hiyo yanayotuambia kwamba nchi hii ilikuwa na watu wengi, ng'ombe wengi, na wahunzi waliofua chuma kwa ustadi mkubwa. Vyombo vya chuma vya Bweranyange, pamoja na sanamu ndogo za ng'ombe, vinajulikana hata katika makumbusho ya ng'ambo. Miaka kumi na tano baada ya Stanley, sura hiyo ilikuwa imebadilika vibaya.

Kilichobadilisha ni sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe uliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua sehemu kubwa mno ya mifugo. Ndui na njaa vikafuata. Katika nchi ambayo kibanja kinaishi kwa samadi na mahari inalipwa kwa ng'ombe, kufa kwa ng'ombe ni kufa kwa shamba na ndoa pia. Rweya zilizokosa wa kuchunga na kuchoma nyasi zikageuka vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakawafukuza wafugaji waliosalia. Mapori mengi ya Karagwe na Kyerwa ambayo leo tunayaita ya asili yalikuwa malisho ya watu zamani. (Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa pili tu kufutwa kabisa baada ya ndui. Mfugaji wa leo hana haja ya kuiogopa.)

Katika udhaifu huo ndipo mpaka ulipokuja. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo. Magharibi ya Ziwa Victoria walikubaliana mpaka uwe mstari wa digrii moja kusini ya ikweta: kaskazini Mwingereza, kusini Mjerumani. Hakuna aliyekuwa amekuja kuangalia mstari huo unapita kwenye kibanja cha nani.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hulichanganya. Mto Kagera huanza pale Ruvubu na Nyabarongo zinapokutana karibu na Rusumo, unakwenda kaskazini ukiitenganisha Tanzania na Rwanda, kisha unakata kona kuelekea mashariki na kupita Murongo. Kwenye eneo hilo la Kaisho na Murongo mto na ule mstari wa digrii moja viko karibu sana, na mpaka ukakubaliwa ufuate mto. Mbele zaidi mto unaingia ndani ya Tanzania, unashuka hadi Kyaka, halafu unageuka tena kwenda Uganda na ziwani. Huko Missenyi mpaka haukufuata mto, ulifuata mstari. Kwa hiyo kikabaki kipande kikubwa cha Tanzania kilicho kaskazini ya mto.

Kipande hicho ndicho Idi Amin alikivamia mwishoni mwa Oktoba 1978 akadai kwamba mto ndio mpaka halali. Daraja la Kyaka likabomolewa, watu wa Missenyi wakauawa na kuporwa, na Tanzania ikajibu kwa vita vilivyomwondoa Amin madarakani Aprili 1979. Kaisho haikuwa ndani ya kipande hicho, kwa sababu tu hapa mto na mpaka ni kitu kimoja. Lakini daraja la Murongo lilikuwa mbele yao na Ankole ng'ambo yake, na vita havikuwa habari ya mbali. Mwaka huo huo wa 1979 mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera, jina la mto.

Turudi kwenye riziki, maana mpaka unaonekana vizuri zaidi kwenye gunia kuliko kwenye ramani.

Kahawa ilikuwepo hapa kabla ya Mzungu. Aina ya robusta ni mmea wa nchi za maziwa makuu, na wazee walikuwa wakizichuma buni, wakazichemsha na majani yenye harufu, wakazikausha na kuzitafuna. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Watu wawili waliofanya udugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja. Utawala wa kikoloni uliigeuza kuwa zao la kulipia kodi, na baada ya Uhuru ikawa zao la ushirika. Tangu 1990 chama kikuu cha wakulima wa Karagwe ni KDCU, ambacho kinahudumia pia Kyerwa, na mkulima anauza kupitia chama chake cha msingi, AMCOS.

Ugumu ni huu. Mkulima wa Kaisho anavuna kahawa ya maganda kuanzia katikati ya mwaka, lakini ada ya shule, ugonjwa na msiba haviangalii msimu. Mwenye shida mwezi wa kwanza au wa pili anamwendea mwenye fedha, naye anampa shilingi mkononi na kuinunua kahawa ikiwa bado ni ua. Hiyo ndiyo butura. Bei inakuwa sehemu ndogo tu ya thamani ya mavuno, na mwaka unaofuata mkulima anaanza akiwa hana kitu, basi anarudi kwa mtu yule yule. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi. Kwa maoni yetu marufuku peke yake haiwezi kuimaliza, kwa sababu inamkataza mkulima mkopo mbaya bila kumpa mkopo mzuri. Pale ambapo chama cha kuweka na kukopa kinafanya kazi na kinakopesha mwezi wa pili, butura inapungua yenyewe.

Halafu kuna mto. Uganda iliruhusu wafanyabiashara binafsi kununua kahawa mapema katika miaka ya 1990, na bei ya kule hupanda na kushuka kwa haraka ikifuata soko la dunia. Huku, kuanzia msimu wa 2018, serikali ilisisitiza kahawa yote ipite kwenye ushirika, makato yakatolewa kwanza, na malipo mara nyingine yakachelewa. Bei ya ng'ambo ikizidi, gunia linavuka usiku. Ikizidi ya huku, na hilo hutokea pia, gunia linarudi. Miaka ya karibuni minada ya wazi imewasaidia wakulima wa Kagera kujua bei kabla ya kuuza, na pengo likipungua magendo nayo hupoa. Hatumtetei mvushaji. Tunasema tu kwamba anayetaka kujua kwa nini kahawa ya Kaisho inavuka mto aanze na bei, kisha aulize mkulima analipwa lini.

Mgomba nao una historia yake. Uganda ilipatwa na mnyauko unaoitwa unyanjano mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukaingia Kagera. Ni bakteria anayebebwa na wadudu wanaotembelea ua la ndizi na na panga la mkulima mwenyewe. Vibanja vya miaka themanini vilikauka ndani ya msimu mmoja. Kinga inajulikana: ondoa ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda mara ndizi za mwisho zinapotoka, choma panga motoni kabla ya kwenda mgomba mwingine, na ng'oa mgonjwa mapema. Ni kazi ndogo, ila majirani wote waifanye, maana mdudu hajui mpaka wa kibanja, sembuse mpaka wa nchi.

Bati tutalieleza kwa ufupi. Madini ya bati ya Kyerwa yamechimbwa tangu enzi za Mwingereza, na jina la Syndicate, mahali penye machimbo, limebaki tangu siku zile za makampuni. Leo wachimbaji wengi ni wadogo. Bati ni mojawapo ya madini manne, pamoja na dhahabu na yale ya tantalamu na tangsteni, ambayo nchi za Maziwa Makuu zimekubaliana yauzwe kwa cheti kinachoonyesha hayakutoka kwenye maeneo ya vita, kwa sababu ya yaliyotokea mashariki ya Kongo. Mchimbaji wa Kyerwa hajawahi kubeba bunduki, lakini bila karatasi hiyo mnunuzi mkubwa hamgusi. Hata hapa swali ni lile lile: thibitisha umetoka wapi.

Na sasa tufike kwenye swali lenyewe.

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa siku moja hivi. Kambi zikafunguliwa Ngara, na nyingine katika Karagwe ya wakati ule, ambayo ndani yake ilikuwemo Kyerwa yote. Miezi hiyo hiyo Mto Kagera ulibeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari, ukazipitisha hapa, ukazifikisha ziwani. Wapo watu wazima wa Murongo ambao hadi leo hawali samaki wa mto, na hatuna haja ya kuuliza kwa nini. Wakimbizi walitakiwa kurudi kwao kufikia mwisho wa Desemba 1996, na wengi wakarudi.

Lakini hao hawakuwa wageni wa kwanza. Baada ya machafuko ya Rwanda ya 1959 familia nyingi zilikuja na ng'ombe zao. Wakiga walivuka kutoka milima ya Kabale wakitafuta ardhi. Wahaya walipanda kutoka pwani ya ziwa kwa sababu hiyo hiyo. Wengine walioa hapa, wakazika wazazi hapa, wakapanda kahawa ambayo sasa wajukuu wanaichuma. Mwaka 2013 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Walikuwepo waliopaswa kuondoka, pamoja na majambazi wa barabarani ambao wananchi wenyewe walikuwa wamewachoka. Walikuwepo pia waliojikuta ng'ambo ya mpaka wakiwa hawamjui mtu kule, na ndoa zilizokatika katikati, baba upande huu, mama na watoto upande ule.

Kwa nini ofisa anauliza habari za babu? Kwa sababu sheria ya uraia inaanzia tarehe 9 Desemba 1961. Mtu aliyezaliwa Tanganyika kabla ya siku hiyo, akiwa chini ya himaya ya Uingereza, alikuwa raia siku ya Uhuru ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Kwa waliozaliwa baadaye, mahojiano hurudi nyuma kwa mzazi, na kutoka kwa mzazi hadi kwa babu. Mtu wa Dodoma anayeomba kitambulisho cha NIDA haulizwi sana mambo hayo. Wa mikoa ya mpakani anaulizwa, na Uhamiaji wanakuwepo. Usumbufu huo ni mzigo wa kuishi ukingoni, na lawama zote haziwezi kumwendea ofisa mmoja mezani.

Anachotafuta ofisa ni ushahidi unaoshikana: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha shule ya msingi, stakabadhi za kodi za zamani, kadi ya chama cha ushirika yenye jina la baba, barua ya mtendaji wa kijiji, na mashahidi wazee. Madaftari ya ubatizo ya parokia na misheni ni ya thamani kubwa hapa, kwa sababu yameanza kuandikwa kabla serikali haijaandikisha vizazi vijijini. Yako kabatini, kwenye karatasi, na mchwa hawajui umuhimu wake.

Jambo jingine linalohitaji kumbukumbu ni ardhi. Mwaka 2019 Pori la Akiba la Ibanda lilipandishwa hadhi likawa Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, karibu kilomita za mraba 300 kwenye pembe inayopakana na Rwanda na Uganda. Mwaka huo huo Rumanyika-Karagwe nayo ikawa hifadhi ya taifa, kwa jina la mfalme tuliyemtaja. Tofauti kwa mwananchi ni kubwa: ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kulima, kuchunga, kukata kuni wala kuwinda kwa leseni. Upande wa pili, tembo au nyati akila shamba, taarifa ifike ofisi ya kijiji mapema na ukaguzi ufanyike, ili mwenye shamba aweze kuomba kifuta jasho. Katika mvutano wowote wa mpaka, kijiji chenye cheti cha ardhi ya kijiji, ramani iliyopimwa, na muhtasari wa mkutano mkuu uliotiwa saini kinasikilizwa. Kijiji chenye maneno tu kinaambiwa kisubiri.

Kwa aliye na simu mkononi sasa hivi, kazi inaweza kuanza leo jioni. Simu yako ina kinasa sauti. Keti na mzee wako, mwache aseme kwa Kinyambo, Kihaya, Kikiga au Kinyarwanda, lugha anayokumbukia. Muulize jina la baba yake na la babu yake, walizaliwa kitongoji gani, nani aliwaonyesha ardhi, mipaka ya kibanja ilipandwa mti gani, na nani amezikwa wapi. Muulize na jina la Kaisho lenyewe lilianzaje, na la kilima kilicho mbele ya mlango wake. Taja tarehe mwanzoni mwa sauti hiyo, na jina la anayezungumza. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji uhakikishe kaya yako imeandikwa katika daftari la wakazi, kila mtu kwa jina lile lile lililo kwenye cheti chake cha shule. Herufi moja ikitofautiana, omba irekebishwe sasa, kabla haijaulizwa na mtu mwingine.